Gobore na Bata wa Mto Mara

Gobore hujazwa kwa mdomo wa mtutu. Mwindaji husimamisha bunduki, kitako kikiwa ardhini, humimina kipimo cha baruti nyeusi, hutia tambara au nyuzi za katani, kisha hushindilia kwa mdeki mpaka mkono usikie kwamba chini pamekaza. Ndipo huingiza marisau, zile punje ndogo za risasi za kuulia ndege, na juu yake tambara jingine jepesi la kuzizuia zisimwagike mtutu ukiinamishwa. Mwisho kabisa, mdomo wa bunduki ukielekea pasipo na mtu, huvisha fataki. Kazi yote hiyo humpa mlio mmoja. Akikosa, ataanza upya hatua kwa hatua, na bata hawamngoji.

Ninaamini ucheleweshaji huo ulikuwa na kazi yake. Ndio unaonifanya niandike juu ya silaha ambayo siku hizi tunaisikia tu katika taarifa za polisi, imelazwa mezani mbele ya waandishi wa habari pamoja na bangi na meno ya tembo.

Mto Mara huanzia kwenye misitu ya Mau nchini Kenya, kwa vijito vya Nyangores na Amala vinavyokutana baadaye, na kwa urefu wa kilomita 395 hivi hupita Maasai Mara, kaskazini mwa Serengeti, kisha hutoka hifadhini na kuingia kwa wakulima na wafugaji. Kuanzia hapo ukingo wa kaskazini ni Tarime na wa kusini ni wilaya ya Serengeti. Wageni wanaufahamu kwa nyumbu wanaovuka kule Kogatende, mamba wakiwasubiri. Huku chini mto unapoza mwendo. Maji hutandaa kwenye tambarare, mafunjo hufunga njia, na kinamasi huendelea mpaka karibu na daraja la Kirumi, kabla maji hayajaingia Ziwa Viktoria. Yeyote aliyepita hapo alfajiri kwa basi la Musoma kwenda Sirari ameiona ile rangi ya kijivu ya maji na mafunjo, na ndege wakinyanyuka kwa makundi.

Ndege wenyewe ni wengi. Yupo bata bukini wa kahawia mwenye doa kuzunguka jicho, anayependa kusimama kwenye mafungu ya mchanga jirani na viboko. Dume hufoka kwa sauti kavu, jike ndiye mwenye kelele. Huyu huweza kutagia hata juu ya mti, ndani ya kiota kikuukuu cha fundichuma. Yupo bata bukini mkubwa mweusi mwenye mwiba kwenye kiungo cha bawa, ndege mzito ambaye akitaka kuruka hukimbia kwanza juu ya maji. Wapo bata wembamba wenye uso mweupe wapigao miluzi usiku wakihama kutoka dimbwi hadi dimbwi. Na ifikapo mwisho wa mwaka huja bata wadogo kutoka Ulaya na Asia, waliokimbia barafu ya kwao, wakakaa nasi mpaka majira yageuke.

Ni lazima niseme ukweli wa nchi hii: Mara haikuwa nchi ya magobore kama zilivyokuwa Tabora, Rukwa au Ruvuma. Silaha ya Mkurya, ya Mngoreme, ya Mwikoma, ilikuwa upinde na mshale wenye sumu, na nyama iliyotafutwa ilikuwa ya miguu minne. Bata hakuwa na nafasi katika mahari wala katika sherehe ya tohara. Ng'ombe ndiye aliyepimia kila kitu. Tena bunduki ina sifa nzito Tarime. Baada ya vita ya Kagera ya 1978 na 1979, bunduki za kijeshi zilizagaa na wizi wa ng'ombe ukageuka kuwa mapambano ya risasi kati ya koo na koo, na kuvuka mpaka. Hadi leo Tarime na Rorya zina kanda maalumu ya kipolisi. Mtu akisema bunduki katika kijiji cha huku, watu hawafikirii bata.

Lakini gobore lilifika, kama lilivyofika kila mahali Afrika Mashariki, na njia liliyopitia inafaa kukumbukwa. Tarehe 2 Julai 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalitia saini mkataba dhidi ya biashara ya utumwa. Ndani yake waliweka kifungu cha silaha: katika ukanda wa Afrika ulio kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini, bunduki za kisasa zenye mifuo ndani ya mtutu na risasi zake zisiingie ovyo mikononi mwa wenyeji. Kilichoruhusiwa, tena kwa masharti, ni gumegume lisilo na mifuo na baruti ya kawaida. Walisema wanakomesha misafara ya watumwa, na biashara ile kweli ilistahili kukomeshwa. Ila katika miaka hiyohiyo majeshi yao yalikuwa yanaingia na bunduki za rasharasha. Kwa hiyo gobore lilibaki kwetu kwa uamuzi wa watu waliokaa mbali. Mababu zetu walipewa silaha ya babu wa Mzungu, wakati Mzungu mwenyewe alishaiacha.

Nikilifikiria hilo naona uchungu. Hata hivyo, mikono ya watu haikukaa tu na uchungu. Wahunzi walijifunza kutengeneza nyundo iliyovunjika, kuchonga kitako kipya, kuyeyusha risasi. Shura, mkaa na kiberiti ndivyo vinavyofanya baruti nyeusi, na vyote vitatu binadamu amevijua kwa karne nyingi. Silaha iliyoachwa kwetu kwa sababu ni dhaifu ikawa pia silaha ambayo fundi wa kijiji aliweza kuielewa yote, kutoka mtutu mpaka parafujo.

Kuna kisa kingine ambacho kinanifurahisha kila nikikikumbuka, kwa kuwa kinawaweka bata katikati ya historia ya bunduki. Mwanzoni mwa karne ya 19, katika parokia ya Belhelvie huko Uskoti, alikuwapo mchungaji wa kanisa aitwaye Alexander Forsyth, mpenzi wa kuwinda ndege wa majini. Bunduki yake ilikuwa ya gumegume. Jiwe likigonga chuma, cheche huangukia baruti iliyo kwenye kisahani cha nje, inawaka kwa mmweko, kisha moto unapenya kitundu na kufikia baruti ya ndani. Muda kati ya mmweko na mlio ni mfupi sana kwa mtu, lakini kwa bata ulitosha. Inasimuliwa kwamba ndege waliuona mmweko na kuzama au kugeuka kabla marisau hayajatoka. Forsyth akatafuta njia ya kuwasha baruti bila mwanga wa nje, kwa unga unaolipuka ukigongwa, na mwaka 1807 akapewa hataza ya kifaa chake. Vifuniko vidogo vya shaba tuviitavyo fataki vilifuata baada ya miaka michache, na waliodai kuvibuni ni wengi. Majeshi ya Ulaya yakabadilisha bunduki zao zote. Chanzo kilikuwa jicho la bata.

Nakitaja kisa hicho kwa sababu kinaonyesha jinsi mwindaji wa gobore anavyotazamana na ndege. Bata ana macho pembeni mwa kichwa, anaona karibu pande zote kwa mara moja. Marisau ya gobore yanafaa kwa mita thelathini, pengine arobaini bunduki ikiwa nzuri. Zaidi ya hapo yanatawanyika na kumjeruhi ndege bila kumwangusha. Inambidi basi mtu awahi kabla ya mapambazuko, akae ndani ya mafunjo huku mbu wakimla, ajue upepo unatoka wapi, ajue bata wanaotoka mashambani hupita juu ya kona ipi ya mto, na asubiri. Umande nao ni adui, kwa kuwa baruti nyeusi hunywa unyevu, na kinamasi ni unyevu mtupu. Wenye uzoefu hufunika nyundo na fataki kwa kipande cha ngozi mpaka dakika ile ya mwisho.

Halafu kuna moshi. Baruti ya kisasa inaungua karibu bila kuacha wingu. Baruti nyeusi hutoa moshi mweupe mzito wenye harufu ya yai bovu, na katika asubuhi tulivu hubaki hewani mbele ya uso wa mpigaji. Katika vita hilo lilikuwa jambo la kufa na kupona. Novemba 1914, Waingereza waliposhuka Tanga na askari wao kutoka India, kampuni nyingi za askari wa Kijerumani bado zilikuwa na bunduki za mtindo wa 1871 zilizotumia baruti nyeusi, na kila mlio uliwaonyesha walipojificha. Kwa mwindaji wa bata mambo ni kinyume: moshi humficha ndege machoni pa mpigaji. Amefyatua, na kwa sekunde kadhaa hajui amefanya nini. Anasikia mbawa, au anasikia kishindo majini, ndipo pazia linapofunguka.

Niliwahi kuzungumza juu ya haya na mzee mmoja upande wa Serengeti, mbali kidogo na Majimoto. Alikuwa na gobore la kibali miaka ya nyuma, na alikwisha kulisalimisha. Nilimuuliza, kwa ujana wangu, alikuwa akiangusha bata wangapi kwa asubuhi.

“Mura,” alinijibu, “uliza kwanza wataangukia wapi.”

“Sijakuelewa, tata.”

“Bata akianguka mtoni ni wa mamba. Ukimfuata, na wewe ni wa mamba. Basi unamwacha apite. Unamwacha wa kwanza, unamwacha wa pili. Anakuja mmoja juu ya nchi kavu, huyo ndiye wako.”

Akaniambia pia kwamba hakupiga bata waliotulia majini kwa kundi, ingawa ndipo rahisi zaidi, kwa sababu marisau hutapakaa na wanaojeruhiwa huenda kufia kwenye mafunjo ambako hakuna atakayewaokota. Hakulisema hilo kama mtu anayetaka sifa za wema. Alizungumza kama fundi anayeeleza kwa nini ubao fulani haufai. Baruti ilikuwa ghali, fataki zilihesabiwa dukani mbele ya karatasi ya kibali, na mtu hakuweza kuzitupa kwa bahati nasibu. Nilipomuuliza kama hakutamani bunduki ya kisasa ya kupiga mara mbili au tatu mfululizo, alinyamaza kidogo, kisha akasema angeitamani, nani asiyetamani. Ninalithamini jibu hilo kwa ukweli wake. Kiasi alichokuwa nacho hakikutoka moyoni mwake peke yake. Nusu yake ilitoka kwenye chuma alichoshika.

Hapo ndipo hoja yangu inaposimama. Zana ya zamani ilibeba mpaka ndani yake. Ilimlazimisha mtu achague. Tazama zilizoichukulia nafasi. Ukingoni mwa Serengeti silaha kubwa ya ujangili kwa sasa ni waya. Tairi kuukuu huchomwa, nyaya hutolewa, huzungushwa kitanzi na kufungwa kwenye kichaka. Waya haulali na hauchagui. Unamnasa nyumbu, twiga, fisi, simba jike mwenye watoto, na aliyeutega anaweza kuwa amelala mjini Mugumu au amesahau alipoutega. Tangu 2017 upo mpango maalumu wa kutegua nyaya ndani ya Hifadhi ya Serengeti, na zilizokusanywa ni maelfu kwa maelfu. Baadhi ya wanaozitegua waliwahi kuzitega, kwa hiyo wanajua pa kutazama.

Kwa ndege wa majini balaa jingine ni sumu. Kule Bunyala, kwenye mashamba ya mpunga ya Busia nchini Kenya, ng'ambo ya ziwa hilihili, watafiti wameandika jinsi wawindaji walivyotumia Furadani, dawa ya kuua wadudu: punje za mpunga zilizotiwa sumu kwa bata, konokono waliotiwa sumu kwa korongo. Ndege walianguka kwa makundi, wakaokotwa, wakauzwa kuliwa. Mwaka 2009 mtengenezaji aliiondoa dawa hiyo sokoni Afrika Mashariki baada ya kelele juu ya simba waliouawa kwayo, lakini vifo vya ndege Bunyala havikukoma mara moja. Anayetega sumu hahitaji kujua bata anapita wapi wala anaogopa nini. Nadhani kifo cha namna hiyo ni kibaya zaidi kuliko cha bunduki, hata kama ndege aliyekufa hajali tofauti, kwa sababu mwuaji hakumtazama hata mmoja wao.

Nisije nikalitakasa gobore kupita kiasi. Magobore mengi yanayokamatwa leo yametengenezwa kwa mabomba na vyuma vya magari, na mengine humlipukia mwenyewe usoni. Mengi hayajazwi marisau ya bata. Hujazwa vipande vya nondo kwa ajili ya swala, au kwa ajili ya mtu. Na hata gobore safi la kibali, mikononi mwa mzee mwenye subira kama yule, huacha kitu majini baada ya mlio. Bata hana meno. Humeza changarawe zikae katika firigisi zimsagie chakula, na punje ya risasi iliyolala kwenye tope haitofautiani na changarawe. Akiimeza, inasagika polepole na sumu yake inaingia katika damu. Ndege hudhoofu, mbawa hulegea, hufa pasipo jeraha. Punje zilizokosa shabaha huendelea kuua baada ya mwindaji mwenyewe kuzikwa.

Dunia imelijua hilo kwa muda mrefu. Marekani ilipiga marufuku punje za madini ya risasi katika uwindaji wa bata nchi nzima mwaka 1991, na Umoja wa Ulaya ukafuata katika maeneo yake yote ya kinamasi mwaka 2023. Mkataba wa ndege wa majini wanaohama kati ya Afrika na Ulaya na Asia, uliopitishwa The Hague mwaka 1995 na ambao Tanzania ni mwanachama wake, unazitaka nchi ziachane nazo kwenye ardhi oevu. Huko ughaibuni wanaopenda bunduki za kujaza kwa mdomo wamehamia punje za bismuthi, maana chuma kigumu hukwaruza mitutu ya kale. Bismuthi ni ghali kwa mwanakijiji wa Tarime, nami sioni nani atakayemletea. Kinamasi cha Mara kina mizigo yake mingine pia. Machi 2022 maji ya mto yaligeuka meusi na samaki wakafa kwa wingi, na kamati ya serikali ikataja kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza. Mahali penye mizigo kama hiyo, hata punje chache za mzee mmoja zinahesabika.

Kwa hiyo siombi uwindaji wa gobore urudi. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Namba 5 ya 2009 inadai leseni kwa anayewinda, na Sheria ya Udhibiti wa Silaha ya 2015 inadai kibali kwa anayemiliki. Ni sawa, hasa katika wilaya ambazo zimezika vijana wengi kwa risasi. Katika miaka ya karibuni serikali imekuwa ikitoa nafasi ya msamaha, kwa kawaida Septemba na Oktoba, watu wasalimishe silaha bila kushtakiwa, na magobore huletwa kwenye vituo vya polisi na ofisi za kata. Baadaye huteketezwa.

Ombi langu liko hapo, kabla ya moto. Butiama, mwendo mfupi kutoka Kirumi, ipo Makumbusho ya Mwalimu Nyerere, iliyofunguliwa mwaka 1999, na ndani ya mkoa huu sijui mahali panapofaa zaidi pa kuweka gobore moja zima, nyundo ikiwa imelemazwa kisheria, pamoja na mdeki, pembe ya baruti, kipimo, na kile kipande cha ngozi cha kufunikia fataki. Pembeni yawekwe mambo ambayo polisi hawayapokei kwenye dawati: upepo wa alfajiri kwenye kinamasi, kona ambazo bata hupita wakitoka kulisha, majina ambayo Wakurya na Wangoreme wanawaita ndege wa mto, na sababu za kumwacha bata wa kwanza apite. Wanaoyajua wangali hai, ila wengi wao wamepita umri wa miaka sabini. Mtu mwenye kinasa sauti na muda wa kutosha anaweza kuanzia Majimoto, avuke daraja la mto kwenye barabara ya Mugumu kwenda Tarime, amalizie Nyamongo, na asiwaulize kwanza waliua wangapi.